ELIMU NA KAZI: Kipi Kizito, Chuma au Mti?

Mwulize mtoto yeyote wa shule, "Kipi kizito, chuma au mti?" naye atajibu mara moja, "Chuma, Mwalimu." Jibu hilo limezoewa na wote, hata watu wazima hawalitilii shaka. Lakini msumari mmoja wa chuma huchukuliwa mfukoni na mtoto mdogo asiuone uzito wake, ilhali gogo la mukima, ule mti uliopandwa mipakani mwa mashamba ya Kabete na Kinoo, huwatoa jasho wanaume wanne kabla halijapandishwa garini. Basi hapo kipi kizito? Ni dhahiri kwamba ni gogo, na jibu la mtoto limekuwa kosa.

Kosa hilo si la upungufu wa akili. Swali lenyewe ndilo lililopungukiwa na maneno manne, nayo ni haya: vikiwa vya ukubwa mmoja. Chuma na mti, vikiwa vya ukubwa mmoja, chuma ni kizito zaidi, tena kwa mbali sana. Uzito wa kitu ukigawanywa kwa ujazo wake, yaani kwa nafasi kinayoichukua, hesabu inayopatikana ndiyo iitwayo densiti. Mwanafunzi aliyeyashika maneno manne hayo kwa mikono yake mwenyewe ameshika somo zima. Aliyeyakariri kwa mdomo tu hana alichokishika.

Elimu ya ubao

Desturi ya siku nyingi ilikuwa mwalimu kuandika ubaoni kwamba densiti ni uzito ugawanywe kwa ujazo, na wanafunzi kunakili. Katika mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, jambo hili lilifundishwa kidato cha kwanza katika somo la fizikia, chini ya mada ya upimaji. Wengi waliipata hesabu yake na kupewa alama zao. Hata hivyo, ukimwuliza mmoja wao nyumbani kwa nini mafuta hukaa juu ya mchuzi, au kwa nini yai bovu huelea na yai zima huzama, atanyamaza. Amejua kugawanya hesabu, lakini hakujua ni kitu gani anachokigawanya.

Wakuu wa elimu waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1998 serikali ya Kenya, kwa kushirikiana na Japani, ilianza mradi ulioitwa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha CEMASTEA, kilichoko Karen, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, ambako walimu huenda kuongezewa ujuzi. Shauri kubwa la mradi huo lilikuwa jepesi kusema, lakini zito kutenda: somo liwe la vitendo, mwanafunzi awe ndiye mtendaji, majaribio yafanywe, na vifaa vikikosekana, mwalimu abuni vyake kwa vitu vilivyo karibu naye.

Shauri hilo limezidi kuwa na maana tangu Januari 2023, watoto wa kwanza walipoingia Gredi ya 7, ambayo ndiyo mwanzo wa sekondari ya chini. Madarasa hayo yaliwekwa katika shule za msingi, na nyingi za shule hizo zilijengwa pasipo maabara. Mwalimu wa sayansi katika mtaa kama Kangemi au Kawangware huweza kuwa na wanafunzi wengi, ubao mmoja, na kabati lisilo na kitu. Je, mwalimu huyo na angoje maabara ijengwe, na huku watoto wanakua?

Mfuko wa mwalimu

Jibu ni kwamba asingoje. Nairobi ni mji wa mafundi, na fundi hutupa kila siku vitu ambavyo mwalimu anavitafuta. Maseremala wa Kangemi na wa barabara ya Ngong wana vipande vya saiprasi na vya mukima ambavyo mwisho wake ni motoni. Akiombwa kwa adabu, fundi ataweza kukata vipande vya mraba, kila upande sentimita 5, visivyopungua wala kuzidi. Mwalimu mwenyewe aweza kuyeyusha mishumaa na kumimina nta katika kijisanduku cha kipimo kile kile, kisha akamimina saruji na mchanga katika kingine.

Akishuka mjini, afike Grogan, kando ya barabara iitwayo Kirinyaga, ambako vyuma vya magari huuzwa na kutengenezwa. Hapo atapata boliti kuukuu ya chuma, kipande cha pistoni iliyovunjika, ambayo ni ya aluminiamu, na waya wa shaba. Jambo moja tu aangalie: asichukue risasi ya betri za magari. Risasi ni nzito na ingefaa sana kwa somo hili, lakini ni sumu, na vumbi lake huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Zebaki nayo isiingie darasani kamwe.

Aongeze gololi za kioo, na kipande cha lile jiwe jepesi lenye matundu ambalo hupatikana karibu na milima ya moto ya Bonde la Ufa, kama Longonot. Akiweza, apate pia kipande kidogo cha mpingo kwa wachonga vinyago. Vitu hivi viwili vitawashangaza watoto kupita vyote, maana watayaona kwa macho yao mambo mawili ambayo hawakuyatazamia, nayo ni jiwe linaloelea na mti unaozama.

Mwendo wa somo

Somo lenyewe na lianze kwa mkono, kabla ya kalamu. Wanafunzi wagawanywe katika makundi, kila kundi lipewe vipande vitatu vya ukubwa mmoja, yaani saiprasi, nta na saruji. Kila mtoto ashike kimoja mkono wa kulia na kingine mkono wa kushoto, aseme kipi kizito. Hapo kila mmoja ataona kwamba macho yanasema "ni sawa", na mikono inasema "si sawa". Swali litazuka lenyewe vinywani mwao, nalo ni hili: ikiwa ukubwa ni mmoja, uzito huo wa ziada umetoka wapi?

Ndipo mizani iletwe. Shule isiyo na mizani huweza kuitengeneza kwa rula ndefu iliyoning'inizwa katikati kwa uzi, na vikopo viwili vilivyo sawa, kimoja kila upande. Wala hapana haja ya kununua mawe ya mizani, kwa kuwa maji yenyewe ni mawe ya mizani. Sentimita moja ya ujazo ya maji safi ina uzito wa gramu moja, au karibu sana. Basi kipande cha saiprasi kiwekwe upande mmoja, na upande wa pili yamiminwe maji kidogo kidogo kwa bomba la sindano isiyo na ncha, lenye alama za kipimo, mpaka rula ilale sawa.

Sasa watoto wafanye hesabu. Kipande chenye upande wa sentimita 5 kina ujazo wa sentimita 125. Saiprasi iliyokauka vizuri itatulizwa na maji ya gramu 60 hivi. Kwa hiyo densiti yake ni karibu 0.5, maana yake ni nusu ya maji. Nta itakuwa karibu gramu 112, yaani 0.9. Saruji na mchanga itafika yapata gramu 260, yaani zaidi kidogo ya 2. Hapo mwalimu na afunge mdomo wake, awaache watoto watie vipande vyote ndani ya ndoo ya maji. Saiprasi itaelea, nusu yake ikiwa juu ya maji. Nta itaelea kwa shida, sehemu kubwa ikiwa chini. Saruji itazama. Mtoto aliyeziandika hesabu hizo daftarini mwake ataona kwamba hesabu ilimwambia mapema yale ambayo maji yameyaonyesha sasa.

Baada ya hayo, mwalimu achukue msumeno, akikate kipande kimoja cha saiprasi katikati mbele yao, na aulize, "Densiti ya nusu hii ni ngapi?" Wengi watasema imekuwa nusu. Waache wapime. Uzito umekuwa nusu, na ujazo umekuwa nusu, lakini densiti haikubadilika hata chembe. Hapa ndipo penye moyo wa somo. Uzito ni wa kipande, lakini densiti ni ya kitu chenyewe. Kijiti cha kiberiti cha saiprasi na nguzo ya saiprasi vina densiti ile ile, kama vile tone la maziwa na mtungi wa maziwa vilivyo vya ng'ombe mmoja.

Vitu visivyo na umbo la mraba, kama boliti, hupimwa kwa njia aliyohadithiwa kuigundua Archimedes, mtaalamu wa Syracuse aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo. Yasemekana mfalme wake alishuku kwamba sonara ametia fedha katika taji la dhahabu, naye Archimedes akang'amua kwamba kitu kikizamishwa husukuma maji yaliyo sawa na ujazo wake. Darasani, kopo lijazwe maji hadi ukingoni, boliti ishushwe kwa uzi, na maji yatakayomwagika yakingwe na kupimwa. Boliti ya gramu 156 itamwaga maji ya sentimita 20 za ujazo, basi densiti yake ni 7.8. Kipande cha pistoni kitakachomwaga maji kiasi hicho hicho kitakuwa na gramu 54 tu, yaani 2.7. Ndiyo sababu aluminiamu hupendwa katika sufuria, mabati na ndege.

Watoto hawatapata hesabu hizo kwa usahihi kamili. Kundi moja litapata 7.4, jingine 8.1. Mwalimu asiwakaripie, wala asiwaruhusu kufuta na kuandika jibu la kitabuni. Na waulizane tofauti imetoka wapi. Je, maji yalibaki ukingoni mwa kopo? Boliti ilikuwa na kutu au mafuta? Mti ulinywa maji kabla ya kupimwa? Mtoto anayeandika kwa uaminifu kile alichokiona, na kutafuta sababu yake, ameanza kuwa mtu wa sayansi. Anayeandika asichokiona ili apate alama ameanza kuwa mtu wa namna nyingine.

Somo latoka darasani

Huenda mzazi akauliza mambo haya yatamfaa nini mtoto wa mkulima au wa mchuuzi. Na azitazame bidhaa za sokoni. Waswahili husema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba, kama vile gorogoro na debe, hupima ujazo, hakipimi uzito. Gorogoro mbili za mahindi zilizojaa sawasawa huweza kuwa na chakula kisicho sawa. Mahindi mazima yaliyokauka hujaza kopo kwa unga, ilhali yaliyotobolewa na wadudu hulijaza kwa matundu. Mtia shaka na atie punje chache majini: nyingi za zile zilizoliwa ndani zitaelea. Mkulima mwenye busara huitumia njia hiyo hiyo kuchagua mbegu kabla ya kupanda.

Makaa nayo ni vivyo hivyo. Mama wa Kawangware anayenunua makaa kwa mkebe hulipia ujazo. Makaa ya mti mgumu kama mgunga ni mazito, nayo hukaa motoni. Makaa ya mti laini hujaza mkebe ule ule kwa bei ile ile, na huisha kabla maharagwe hayajaiva. Binti yake aliyejifunza densiti atainua vipande viwili vilivyo sawa kwa ukubwa, mmoja kila mkono, na kumwambia mama yake anunue yapi.

Hata mgeni anayenunua kinyago katika Soko la Jiji, katika barabara ya Muindi Mbingu, angefaidika na elimu hii. Mpingo wa kweli ni mzito kuliko maji kwa kawaida, kwa hiyo huzama. Mti mwingine uliopakwa rangi nyeusi ya viatu hung'aa kama mpingo, lakini mkono hauhisi uzito ule, na maji hayadanganyiki.

Maziwa na haki

Lakini palipo na jambo kubwa kupita yote ni kwenye maziwa. Maziwa safi ya ng'ombe ni mazito kidogo kuliko maji, na densiti yake ni karibu 1.030. Chombo cha kuyapimia, laktomita, ni bilauri nyembamba iliyofungwa, yenye uzito chini na alama juu. Huelea ndani ya maziwa, na alama ya 30 maana yake ni 1.030. Mtu akichanganya sehemu tisa za maziwa na sehemu moja ya maji, alama hushuka hadi 27 hivi, naye mwizi hujulikana. Chombo hiki kimelinda wanunuzi wengi wa Nairobi.

Tuseme sasa mkulima mwaminifu wa Wangige amekamua alfajiri, akakimbilia barabarani na maziwa yake yangali yana joto la ng'ombe. Mpokeaji maziwa aliye na haraka anatumbukiza laktomita, anaona 26, naye anamwambia mbele ya majirani, "Mzee, umetia maji." Maziwa yanakataliwa. Mzee anarudi nyumbani amepoteza fedha, na kilichomwuma zaidi ni kwamba amepoteza jina lake jema. Kumbe hakutia hata tone. Maziwa ya moto hupanuka, nayo yakiwa yametoka kukamuliwa huwa yamejaa vipovu vidogo vya hewa. Ujazo umeongezeka na uzito ni ule ule, basi densiti imeshuka. Kila laktomita huandikwa joto ambalo imetengenezewa, mara nyingi digrii 20, na maziwa yapaswa kupoa na kutulia kabla ya kupimwa.

Tena kuna mjanja wa upande wa pili. Huyo huengua malai kwanza, na kwa kuwa malai ni mepesi, maziwa yaliyobaki hupanda alama. Ndipo hutia maji mpaka alama irudi 30, na laktomita humpitisha kama mtu mwema. Kwa sababu hiyo, mpokeaji mwenye ujuzi hapimi densiti peke yake, bali hupima na mafuta ya maziwa pia. Chombo kizuri katika mkono wa mtu asiyejua maana yake humfunga mwema na kumwachilia mwizi.

Jambo hili nalo huweza kufundishwa kwa mrija wa soda. Mrija uzibwe chini kwa udongo wa mfinyanzi usimame wima ndani ya maji, na utiwe alama pale maji yanapofika. Ukiwa umezama sentimita 10 katika maji, katika maziwa utazama sentimita 9.7 hivi. Tofauti ni milimita 3 tu. Watoto wakiona udogo wa tofauti hiyo, watajua kwa nini haraka kidogo, au joto kidogo, huweza kumharibia mtu jina. Kisha wapime maziwa yale yale yakiwa ya moto na yakiwa yamepoa, waandike walichokiona. Mtoto atakayekwenda nyumbani na daftari lenye hesabu hizo ataweza kumwambia babu yake, "Babu, yaache yapoe kwanza, ndipo uyapeleke." Na siku moja, huenda yeye mwenyewe akawa ndiye mpokeaji maziwa.

Kazi ya kila mmoja

Zamani, katika miaka ya 1920, palifunguliwa huko Kabete chuo cha serikali cha kuwafundisha vijana useremala, uashi na kazi nyingine za mikono. Chuo hicho leo ni Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Kabete. Fundi mzuri hujua uzito wa mti kwa kuugusa tu. Kilichokosekana mara nyingi ni daraja baina ya ujuzi huo wa mkono na elimu ya kitabu, kana kwamba mmoja ni wa maskini na mwingine wa msomi. Vipande sita vya mti, nta, saruji na chuma vyatosha kulijenga daraja hilo.

Basi fundi akiombwa vipande na mwalimu, asivitupe motoni, avitoe. Mzazi akiona mtoto wake anaomba kikombe cha maziwa akakipime, asimgombeze kwamba anachezea chakula. Mwalimu naye asiogope kelele za darasa lililoinama juu ya ndoo ya maji, wala asione haya kwamba mizani yake ni rula na uzi. Maji ya Kangemi yana densiti ile ile ya maji ya shule iliyo tajiri kupita zote, na boliti ya Grogan huzama sawasawa ndani yake. Mtoto apewe tu nafasi ya kuitumbukiza mwenyewe.